Procyon haikunyamaza

Kichwa cha makala ya Nature ya 2004 kuhusu Procyon bado kinakera, na kinastahili kukera. Jaymie Matthews na wenzake waliikodolea nyota hiyo macho kwa siku 32 kwa MOST, setelaiti ya Kanada yenye darubini ya sentimita 15. Walichora spektra ya nguvu, wakakosa kilima ambacho mitetemo ya nyota ingekiacha karibu na milihezi 1, wakatangaza kichwani kwamba mitetemo haipo. Ndani ya makala lugha inalegea: ama vilele viko chini ya sehemu 15 kwa milioni, ama mitetemo hudumu siku mbili tatu tu. Lakini kasi za uso wa nyota zilizokwisha kupimwa kutoka ardhini zilidokeza sehemu kama 10. Kwa hiyo kipimo kiliishia juu ya kile kilichotafutwa, tena huku mwanga uliotawanyika kutoka Duniani ukichafua data. Asiyesikia mnong'ono sokoni hana haki ya kumwita mnong'onaji bubu.

Wazee wa kazi hii walijua pa kubana. Kwenye Jua, mtetemo mmoja wa dakika tano hubadilisha joto la uso kwa sehemu moja hivi kwa milioni, yaani sehemu chache tu kati ya elfu za digrii moja. Mwaka 1995 Hans Kjeldsen, Tim Bedding na wenzao, wakitumia darubini ya Nordic ya mita 2.5 kule La Palma, waliacha kupima mwanga mzima wa nyota eta Bootis. Walipima nguvu ya mistari ya Balmer ya haidrojeni, ambayo huitikia sana joto, wakailinganisha na mwanga wa pembeni mwa mstari katika spektra ileile. Angahewa inapomeremeta, vyote viwili hupanda na kushuka pamoja, na uwiano hausumbuki sana. Mitetemo ya dakika 20 hivi ikajitokeza. MOST ilikuwa na bendi moja pana, bila uwiano wa namna hiyo.

Mtetezi wa makala ya Matthews atasema hata mitetemo ya eta Bootis ilitiliwa shaka: mwaka 1997 Timothy Brown na wenzake waliitafuta kwa kupima kasi ya uso, wasiipate. Kweli, ila walichotoa ni kikomo cha nusu mita kwa sekunde, na kikomo kinaweza kuishi na ugunduzi wa baadaye. Mwaka 2003 kasi na mistari ya haidrojeni vilipatana. Procyon nayo ilifuatwa mwaka 2007 kwa darubini 11, ikaonekana ikitetemeka. Na data safi zaidi za MOST yenyewe, zilizochapishwa 2011, zikaonyesha kilima kilichokanushwa. Ajabu ni kwamba dhana ya pili ya Matthews haikuwa mbali: uchambuzi wa 2010 ulikuta mitetemo hiyo hudumu siku moja na kitu. Ilikuwamo ndani ya makala. Kichwa ndicho kilichoifunika.