Simulizi ya Dakika Mbili katika Darasa la Kiingereza

Simulizi ya kidijitali ni video fupi ambamo mtu anasimulia kisa chake kwa sauti yake mwenyewe, huku picha zikiandamana na maneno. Mafunzo ya njia hii yalipata kituo chake San Francisco, Marekani, mwaka 1994, kwa juhudi za Joe Lambert, Dana Atchley na Nina Mullen. Mwaka 2001 BBC na Chuo Kikuu cha Cardiff walizindua mradi wa Capture Wales, ambamo mpigapicha Daniel Meadows alishikilia kipimo cha maneno yapatayo 250, picha kama dazeni moja na dakika mbili. Warsha za mradi huo zilikusudia kuwapa watu wa kawaida nafasi ya kusimulia maisha yao. Vyuoni, njia hiyohiyo imegeuka zoezi la Kiingereza, kwa kuwa kila hatua yake inadai stadi ya lugha.

Hatua ya kwanza ni kukaa duara. Kila mwanafunzi anaeleza kisa chake kwa mdomo, na wenzake wanauliza pale wasipoelewa. Maswali hayo ndiyo yanayomlazimu kutafuta neno jingine au kupanga upya matukio. Hapa usikilizaji na mazungumzo vina sababu ya kweli, maana msikilizaji hakijui kisa hicho.

Hatua ya pili, yenye faida kubwa kuliko zote, ni mswada. Maneno 250 ni machache mno kwa utangulizi mrefu. Mwandishi analazimika kuchagua tukio moja, kusawazisha nyakati za vitenzi na kufuta sentensi zinazorudia jambo. Mwalimu husoma rasimu ya kwanza kwa kuangalia maana na mpangilio tu. Sarufi husubiri rasimu ya pili. Mwalimu akianza na makosa ya sarufi, mwanafunzi hurekebisha maneno na kuacha kisa kikiwa dhaifu.

Hatua ya tatu ni kurekodi. Maneno 250 kwa dakika mbili ni wastani wa maneno 125 kwa dakika, mwendo wa taratibu unaoruhusu matamshi ya wazi. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza kina ugumu wake: mkazo huhama kutoka neno hadi neno. Anapojisikiliza, huyabaini makosa ambayo hakuyasikia alipokuwa akizungumza, kisha anarekodi tena. Marudio hayo, anayoyafanya kwa hiari akitafuta sauti anayoiridhia, ni mazoezi ya matamshi yasiyochosha.

Uzito wa hatua hii ya kurekodi ni mkubwa nchini Tanzania, ambako wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kuufikia mwaka wa kwanza akiwa amenakili kurasa nyingi za Kiingereza huku akiwa amekizungumza mara chache.

Picha na uhariri hufuata sauti. Simu yenye programu ya kuhariri video inatosha, na picha ziwe za mwanafunzi mwenyewe au zenye ruhusa ya kutumika. Picha ibebe kile ambacho maneno hayakusema. Ikirudia tu sentensi, haiongezi maana. Muda wa kazi hii sharti uwekewe mpaka, kwa sababu mapambo ya video humeza saa nyingi bila kuongeza lugha.

Mwisho, video huonyeshwa darasani na kujadiliwa kwa Kiingereza. Alama zifuate mahali lugha ilipojengwa: sehemu kubwa iende kwenye mswada na sauti, sehemu ndogo kwenye picha. Mwalimu akihifadhi rasimu zote pamoja na rekodi ya kwanza na ya mwisho, anapata ushahidi wa maendeleo ya kila mwanafunzi ambao video iliyokamilika pekee haiwezi kuutoa.