Kordi na Silabi
Apangaye karatasi ya wimbo kwa kompyuta aghalabu huandika kordi, yaani sauti kadhaa zipigwazo pamoja, juu ya maneno, akizisogeza kwa nafasi tupu. Aina ya herufi ikibadilishwa, kordi huhama silabi yake, na mpiga gitaa hupotea. Mtindo wa ChordPro, ulioanza miaka ya 1990, umeondoa kasoro hiyo: kordi hutiwa katika mabano ya mraba kabla ya silabi yake, nayo programu huipandisha juu. Aliyezoea kuhesabu mizani ataupenda, maana kwake silabi ndiyo kipimo. Walakini tusiusifu kupita kiasi. Mstari huo hauonyeshi silabi ivutwe muda gani. Humkumbusha ajuaye wimbo, asiyeujua haumfundishi. Huyo hana budi kuwasikiliza waimbaji.