Jembe, Ngoma na Uzuri

Mwaka 1790 mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, alieleza kuwa anayehukumu uzuri wa kitu haimpasi kuongozwa na tamaa ya kunufaika nacho. Baadhi ya waliomfuata wakahitimisha kwamba sanaa safi ni ile isiyo na kazi. Hitimisho hilo tunalikataa, na shahidi wetu ni bugobogobo ya Wasukuma. Ngoma hiyo ilizaliwa shambani: mapigo yaliongoza majembe. Je, uzuri wake ulipungua kwa kuwa shamba lililimika?

Lakini Kant alisema pia kwamba atamkaye "hiki ni kizuri" hudai wengine wakubaliane naye. Usukumani dai hilo huonekana kwa macho. Bagika na Bagalu hushindana wakicheza kwa wakati mmoja. Watazamaji huhamia wanakovutiwa, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Hata hivyo tujihadhari, kwani kioja nacho huvuta watu.

Leo bugobogobo huchezwa hata jukwaani, jembe likizungushwa bila kugusa udongo. Hatuulaumu ustadi huo. Ila mwanafunzi anayefundishwa mizunguko tu, asifundishwe kazi iliyoizaa, amepewa nusu ya uzuri.