Michezo ya Nyimbo ya Hollywood Iliyofufuliwa

Katika kazi za sanaa zilizoachwa na karne ya ishirini, msomaji, si nyingi zilizodharauliwa upesi kama michezo ya sinema ya nyimbo na ngoma iliyotungwa Hollywood tangu filamu zilipoanza kusema, mwaka 1927, hadi miaka ya 1960. Husemwa kuwa ni upuzi mtupu: mtu anakwenda njiani na shughuli zake, mara anaanza kuimba, na bendi isiyoonekana inamwitikia kutoka angani. Asemaye hivyo aghalabu ameuona mchezo huo katika nakala mbovu, iliyochujuka rangi na kukatwa kando. Hukumu yake ni sawa na ya mtu aliyepewa utenzi ulionakiliwa na mwandishi mwenye usingizi, beti zimerukwa na vina vimeanguka, naye akasema mtunzi hakujua kutunga. Kabla ya kuhukumu mtunzi hapana budi kwanza kuihukumu nakala.

Kwa bahati njema, tangu sahani za DVD zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1997, na za Blu-ray mwaka 2006, nyingi za filamu hizi zimetengenezwa upya, nasi tunaweza kuziona nyumbani katika hali inayokaribia ile waliyoiona watazamaji wa kwanza.

Chukua Singin' in the Rain, ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Gene Kelly pamoja na Stanley Donen. Ilipigwa kwa njia iliyoitwa Technicolor. Kamera kubwa na nzito ilipitisha mikanda mitatu ya filamu kwa wakati mmoja; kioo ndani yake kilipasua nuru, na kila mkanda ukapokea fungu lake: huu nyekundu, huu kijani, huu buluu. Mikanda yenyewe haikuwa na rangi hata kidogo. Ilikuwa kumbukumbu nyeusi na nyeupe ya rangi. Rangi zilitiwa baadaye juu ya nakala ya kuonyeshwa, moja baada ya nyingine, kama mpiga chapa wa kanga atiavyo nyekundu kisha nyeusi, akiangalia mpaka wa ua usihame. Lakini filamu husinyaa kwa uzee, na mikanda mitatu haisinyai kwa kipimo kimoja. Ndipo ua likahama: midomo ya msichana ikawa na kivuli chekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, na macho yakafifia.

Balaa nyingine ilikuwa moto. Mwaka 1978 ghala la filamu la George Eastman House, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, liliungua, na negativu za asili za Singin' in the Rain zikateketea pamoja na za filamu nyingine nyingi. Unachokiona leo kimetoka katika nakala za akiba. Mwaka 2002, filamu ilipotimiza miaka hamsini, kumbukumbu za rangi tatu zililinganishwa kwa kompyuta, picha kwa picha, hata mipaka ikakutana tena; na mwaka 2012 kazi ikarudiwa kwa makini zaidi kwa ajili ya Blu-ray.

Je, faida yake ni urembo tu? La. Tazama ngoma ya mvua iliyoipa filamu jina. Mvua haionekani vema katika kamera ila ikipigwa na taa kutoka nyuma. Wapiga picha walijua hivyo, wakaiangaza kutoka nyuma hata kila tone likawa uzi. Katika nakala mbovu Kelly anacheza ndani ya ukungu. Katika nakala iliyofufuliwa unaona tone likiruka kutoka kiatuni, unaona suti ikizidi kuwa nzito kwa maji, na unafahamu ghafula kwamba furaha ile ilikuwa kazi ngumu. Mimi huona sifa yote ya mcheza dansi huyu imo katika uzito wa nguo ile.

Jambo la pili ni upana. Mwaka 1954 Donen aliongoza Seven Brides for Seven Brothers kwa CinemaScope, ambayo upana wa picha yake ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo chake. Televisheni za zamani zilikuwa karibu mraba. Kwa hiyo wauzaji wa kanda za video walikata kando, na karibu nusu ya picha ikapotea. Katika filamu hiyo mna ngoma ya kujenga ghala, iliyotungwa na Michael Kidd, ambamo ndugu wa mlimani na wapinzani wao wa mjini hushindana juu ya mbao na magogo. Maana yote ya ngoma imo katika kuwaona wote pamoja, safu dhidi ya safu. Mkate mmoja kando, na ushindani umekwisha. Pamebaki watu wanaorukaruka bila sababu. Fred Astaire, aliye mkubwa kuliko wote katika sanaa hii, alililia jambo hili mapema: alitaka kamera imwonyeshe kutoka utosini hadi nyayoni, wala isikatwekatwe. Basi unaponunua sahani, usihesabu ni ngapi rafuni mwako. Soma nyuma ya jalada uone picha ina upana gani, na filamu ni ya dakika ngapi.

Nasema dakika kwa sababu ya A Star Is Born ya George Cukor. Ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1954 ilikuwa na dakika 181. Baada ya muda mfupi wenye kampuni wakaipunguza karibu nusu saa, ili iweze kuonyeshwa mara nyingi zaidi kwa siku. Miongoni mwa vilivyotupwa ni wimbo mmoja wa Judy Garland, mchangamfu sana, uitwao Lose That Long Face. Wakatao walidhani wimbo ni pambo, na pambo likiondolewa nyumba hubaki. Lakini Cukor alikuwa ameuweka kwa hila. Mwanamke anaimba mbele ya kamera, amevaa kofia ya majani, anacheka. Kisha anaingia chumbani mwake na kulia kwa uchungu juu ya mumewe anayeangamia kwa ulevi. Kisha anaitwa, anafuta machozi, anarudi kuumaliza wimbo uleule kwa kicheko kilekile. Ukiondoa wimbo, limebaki lio tu. Ukiurudisha, unaona bei ya kicheko.

Mwaka 1983 Ronald Haver, baada ya kuchakura maghala, aliirudisha filamu hata ikafika dakika 176. Sauti aliipata yote, picha nyingine hakuzipata. Mahali hapo akaweka picha mnato, na wachezaji wanasikika wakizungumza huku hawatikisiki. Wako wanaochukizwa na sehemu hizo. Mimi nazipenda, maana mfufuaji hakujifanya mtunzi: aliacha pengo lionekane kuwa ni pengo. Afadhali hilo kuliko wale waisuguao filamu kwa kompyuta mpaka chembe zake zinatoweka na nyuso zinakuwa kama nta.

Lakini kufufua si kufufua mazuri peke yake. Katika Swing Time, ya mwaka 1936, Astaire huyo niliyemsifu anajipaka rangi nyeusi usoni ili amwige mcheza dansi mweusi, Bill Robinson. Anacheza na vivuli vitatu vikubwa, na ngoma ni ya ajabu. Rangi ile ni aibu. Wako watakao kipande hicho kikatwe. Mimi sitaki, kwa maana mkasi tumekwisha kuujua ulimtumikia nani. Lena Horne, mwimbaji mweusi aliyeajiriwa na MGM mwaka 1942, mara nyingi aliwekwa peke yake katika filamu, amesimama akiimba, bila kuzungumza na yeyote, kusudi wenye sinema wa majimbo ya kusini waweze kumwondoa bila hadithi kuharibika. Hata katika Cabin in the Sky, ya mwaka 1943, iliyochezwa na watu weusi, wimbo wake mmoja uliondolewa kabla filamu haijatoka. Watazamaji wengi waliuona mara ya kwanza mwaka 1994, katika That's Entertainment! III.

Mcheza kwao hutuzwa, husema wahenga. Fayard na Harold Nicholas walicheza kwao, na tuzo yao mara nyingi ikawa mkasi uleule. Watafute katika Stormy Weather ya mwaka 1943, ambamo Bill Robinson mwenyewe anacheza kwa uso wake. Karibu na mwisho, bendi ya Cab Calloway ikipiga, ndugu hawa wanashuka ngazi kubwa nyeupe: mmoja anaruka juu ya kichwa cha mwenziwe, anatua amepasua miguu kwenye kidato cha chini, anainuka bila kushika kitu, na mwenziwe anaruka juu yake, hata chini. Kamera imesimama mbali, miguu yote inaonekana.