Wapima Hewa wa Kampala

Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na hewa yake hulifuata umbo hilo. Usiku ardhi ikipoa, hewa baridi huteremka bondeni na kutuama huko pamoja na kila ilichokibeba: moshi wa sigiri, moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, masizi ya magari yaliyokwisha kutumika kwingine, vumbi la barabara zisizo na lami. Alfajiri inapowakuta watu wakielekea kwenye stendi za takisi, bonde limeshajaa. Mkazi wa Kololo kule juu na mkazi wa Bwaise kule chini wana Meya Mkuu mmoja, lakini hawavuti hewa moja.

Wakazi walilijua jambo hili zamani, kwa macho na kwa vifua vyao. Mama anayekaanga chapati kando ya barabara hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba moshi unaumiza. Lakini macho hayawezi kusema ni kiasi gani, mtaa upi umezidi mwingine, wala kama juhudi za mwaka jana zimefaa kitu. Tena chembe zenye madhara makubwa ndizo zisizoonekana kabisa: zile ambazo kipenyo chake hakizidi maikromita 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Wataalamu huziita PM2.5. Pua haizizuii, koo halizizuii. Huzama hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huvuka zikaingia damuni. Kuzihesabu kunataka ufundi. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu hapa, maana umefanyika jirani kwetu, kwa mikono ya watu wetu, na sehemu yake kubwa ni subira.

Mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Makerere, kikundi cha wataalamu wa kompyuta kikiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo) kilianzisha mradi wa AirQo. Wakati huo miji mingi ya Afrika haikuwa na hata kituo kimoja cha kupima hewa kila siku. Mitambo ilikuwepo duniani, ila haikuwa ya mfuko wetu. Mtambo wa rejea, ule ambao vipimo vyake hukubalika mbele ya serikali na mahakama, una namna ya kupendeza ya kufanya kazi. Huvuta hewa kupitia mkanda wa chujio, kisha huupitishia mkanda huo mionzi hafifu ya beta. Vumbi likinasa kwa wingi, mionzi hupungua upande wa pili, na kwa upungufu huo uzito wa vumbi hujulikana, saa baada ya saa. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Unataka umeme wa uhakika na fundi aliyeusomea. Mmoja wa aina hiyo ulikuwa kwenye ubalozi wa Marekani, Nsambya, nao ulianza kutoa vipimo mwaka 2017. Ulieleza hewa ya Nsambya kwa uaminifu mkubwa. Kuhusu Bwaise haukuwa na la kusema.

Watu wa Makerere walishika njia nyingine. Kuna kihisi kidogo kinachoenea kiganjani: ndani yake feni huvuta hewa, mwale wa leza huikata hewa hiyo, na kila chembe inayopita hutawanya mwanga ambao jicho la kielektroniki huupokea na kuugeuza kuwa namba. Kihisi hicho ni cha bei nafuu na kinauzwa kote duniani. Kazi ni kukijengea nyumba. Vifaa kamili vya kuagiza kutoka nje vilikuwepo, lakini vingi vilibuniwa kwa ajili ya miji ambako umeme haukatiki, barabara zina lami na intaneti iko kila ukuta. Kwa hiyo wakabuni kifaa chao wenyewe, wakakiunda palepale Kampala: kasha la kuhimili mvua, jua kali na vumbi, betri, paneli ya sola pale umeme wa waya usipofika, na laini ya simu ya kutuma vipimo.

Laini hiyo waliichagua iwe ya 2G. Katika maamuzi yao yote, huu ndio ninaoupenda kuliko mengine. Mtu anayetaka kuonekana wa kisasa asingeuchagua. Lakini namba chache za hewa hazihitaji mtandao wa kasi; zinahitaji mtandao unaofika, na 2G hufika mahali ambapo mitandao ya kasi haijafika. Uamuzi wa pili wa namna hiyo ni kuweka ndani ya kila kasha vihisi viwili badala ya kimoja. Vikisoma sawasawa, kipimo kinaaminika. Vikianza kuachana, fundi aliye ofisini anajua kuna tatizo kabla hajapanda pikipiki kwenda kutazama.

Hata hivyo, kihisi cha leza kina udhaifu wake, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kampala iko jirani na Ziwa Viktoria, na hewa yake ina unyevu mwingi. Unyevu hushikamana na chembe, chembe zikavimba, na kihisi kikayahesabu maji kama vumbi. Kila mwenye duka anajua kuwa mzani hupotoka. Ndiyo maana Tanzania ina Wakala wa Vipimo, na afisa wake huja dukani na mawe yaliyohakikiwa, akaweka jiwe juu ya mzani na kutazama sindano inasimama wapi. Mafundi wa Makerere wanaifanyia hewa jambo hilohilo. Huchukua vifaa vyao, wakavifunga ubavuni mwa mtambo wa rejea, vikavuta hewa ileile kwa muda mrefu. Kisha hukaa na majedwali mawili: kile kifaa kidogo kilichosema, na kile mtambo mkubwa ulichosema, saa kwa saa, pamoja na joto na unyevu wa saa hiyo. Kompyuta hufundishwa kuitambua tabia ya upotofu huo, ili iweze kuunyoosha hata pale ambapo hakuna mtambo mkubwa wa kuuliza.

Matokeo ya kazi hiyo waliyachapisha mwaka 2022. Wastani wa PM2.5 uliosomwa na mtambo wa rejea ulikuwa takriban mikrogramu 37.8 kwa mita ya ujazo. Kabla ya kurekebishwa, vifaa vidogo vilikosea kwa kiasi cha mikrogramu 18.6; baada ya kurekebishwa, kosa likashuka hadi 7.2. Msomaji asiyapite haraka mambo haya. Kosa lililokuwa karibu nusu ya kitu kinachopimwa limekuwa kama sehemu moja ya tano, na kihisi ni kilekile, wala hakuna senti iliyoongezwa kwenye bei yake. Kilichoongezwa ni watu kukaa chini na kulinganisha, tena bila kuficha kosa lililobaki. Na kazi hiyo haifanyiki mara moja ikaisha. Vihisi huzeeka. Vumbi la mji mmoja si vumbi la mwingine: Accra hupokea vumbi la Sahara linalokuja na upepo wa harmattan, jambo ambalo Kampala haina. Kila mji unaoongezwa unadai ulinganishaji wake.

Halafu kifaa kinahitaji ukuta au nguzo, na kila ukuta una mwenyewe. Hili halifundishwi katika darasa la kompyuta. Kukifunga karibu mno na jiko la mkaa ni kupima jiko la mtu mmoja; kukifunga juu mno ni kupima hewa isiyovutwa na yeyote. Panatakiwa mahali pa urefu wa wastani, pasipozibwa na jengo, penye usalama, na zaidi ya yote penye mtu aliyekubali kwa moyo. Uganda huwezi kuingia mtaani na kuanza kutundika kasha lenye antena bila mwenyekiti wa mtaa kujua, na mwenyekiti ana maswali ya haki. Hiki ni nini? Kinarekodi sauti zetu? Kitatuletea kodi? Aliyeyajibu maswali hayo kwa upole na kwa ukweli amefanya kazi ya upimaji sawa na aliyeunganisha nyaya. Jirani akielewa kifaa ni cha nini, atakilinda. Asipoelewa, kitaibwa au kitafunikwa.

Baadaye huja matunzo, sehemu ambayo wafadhili huichoka mapema. Vumbi linalopimwa ndilo linaloziba feni. Wadudu huliona kasha kuwa nyumba nzuri, betri huchoka, laini huisha salio. Lazima mtu apande ngazi, afungue, asafishe, afunge, aandike tarehe, aende kwenye kinachofuata, na baada ya miezi kadhaa aanze upya. Namwona mtu huyo kuwa nguzo ya mradi mzima. Jina lake halionekani kwenye makala za kitaalamu mara nyingi, lakini bila yeye kompyuta zingekuwa zinanyoosha takataka.

Walitumia hata bodaboda. Vifaa vilifungwa kwenye pikipiki za abiria, vikapita katika vichochoro ambavyo kituo cha kudumu kisingevifikia, na dereva aliyekuwa akitajwa kama mchafuzi tu akawa mshiriki wa upimaji. Naye ndiye anayestahili kupimiwa kuliko wengi, maana hushinda barabarani kutwa nzima bila kioo wala dirisha kati yake na moshi.

Ukizitazama namba zilizopatikana, Kampala inajieleza yenyewe. Siku ina nundu mbili: moja asubuhi, watu wakienda kazini na hewa ya bondeni ikiwa bado haijapashwa joto, nyingine kuanzia jioni hadi usiku, sigiri zikiwaka na magari yakirudi. Katikati ya mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda na kuchanganyika, namba hushuka. Miezi ya kiangazi huzidi miezi ya mvua. Mwaka 2020 serikali ilipofunga usafiri kwa sababu ya korona, namba zilishuka, na mchango wa barabara uliweza kuonekana kwa vipimo, badala ya kukisiwa. Lakini hewa haikutakata, kwa sababu majiko hayakufungwa. Mwalimu mkuu anayejua nundu ya asubuhi anaweza kusogeza mchaka-mchaka wa wanafunzi hadi saa nne. Hilo halihitaji bajeti.

Mamlaka ya jiji, KCCA, haikuziacha namba hizo zibaki chuoni. Iliingia ubia na Makerere, ikaweka vituo vyake pia, ikaandaa mpango wa hewa safi wa jiji. Wakazi wakafundishwa kuzisoma namba na kuwaeleza majirani. Mwaka 2024 Uganda ikapata kanuni za kitaifa za viwango vya ubora wa hewa. Sitaki kumdanganya msomaji: hewa ya Kampala bado ni chafu. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linasema wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5, na Kampala bado iko mara kadhaa juu ya hapo. Kipimo hakizimi moto wa taka. Kazi yake ni kuondoa kisingizio, ili afisa asiweze kusema hakujua, na mkazi asiambiwe kwamba anadhania tu.

Thamani ya kuwa na mafundi wako mwenyewe ilidhihirika Machi 2025. Serikali ya Marekani ilisitisha kutangaza vipimo vya hewa kutoka kwenye balozi zake duniani, Kampala na Nairobi zikiwemo. Katika miji iliyokuwa ikitegemea ubalozi peke yake, chanzo hicho kilikauka siku moja. Kampala haikubaki gizani. Ilikuwa na mtandao wake wa vifaa mtaa kwa mtaa, na watu wanaojua kuvifungua na kuvifunga.

Ujuzi huo umeshasafiri. Vifaa vilivyoundwa Kampala vimefungwa Nairobi, Bujumbura, Accra, Lagos na Yaoundé, na vipimo vyake viko wazi kwa yeyote mwenye simu. Google ilitoa fedha mwaka 2019 na tena 2022, nazo zilisaidia sana. Lakini fedha ya mwanzo iliwakuta watu wakiwa tayari kazini, wenye miaka minne ya kukosea na kusahihisha.

Kwa hiyo nina ombi kwa madiwani na wakurugenzi wa miji yetu, Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa, Kisumu, popote ambapo bajeti inapangwa na mtu amependekeza kununua vifaa vya kupima hewa. Kabla ya kuagiza vifaa, ajirini mafundi wa kuvitunza kwa miaka isiyopungua mitano. Nunueni mtambo mmoja wa rejea na mkubaliane na chuo kilicho jirani kiusimamie. Nendeni mkawaulize Makerere walipokosea na walivyorekebisha. Kisha wekeni vipimo hadharani tangu siku ya kwanza, hata vikiwa vya kuaibisha.