Shauri la Mateka: Maneno Yaliyopungua katika "Uhuru wa Watumwa"

Waalimu wengi wanaosoma kurasa hizi watakuwa wamekwisha kukishika kitabu cha Bwana James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1934. Mtungaji alikuwa mwana wa watu waliotolewa utumwani, naye alizaliwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali palipofanywa na misheni ya C.M.S. katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kiswahili chake ni chepesi wala hakina madoido, na kwa sababu hiyo kilisomwa miaka mingi katika shule za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1956 kilitolewa kwa Kiingereza pia. Sikusudii kukihukumu kitabu kizima. Nataka kusema habari ya mahali pamoja tu, ambapo naona sisi waalimu tumekuwa tukifundisha vibaya, na kitabu chenyewe kimetusaidia kufundisha vibaya.

Mahali penyewe ni pale jahazi la watumwa linapofukuzwa na manowari ya Kiingereza. Watumwa wamo ndani, wamebanana, nao wamekwisha kuambiwa na wenye kuwachukua ya kwamba Wazungu hula watu. Mashua yaja. Je, ni wokovu au ni kifo cha namna nyingine? Habari hii si ya Mbotela peke yake. Imo katika masimulizi ya wanafunzi wa Kiungani, Unguja, ambayo A. C. Madan aliyafasiri na kuyachapisha mwaka 1887. Imo tena katika maisha ya Padre Petro Kilekwa, Mbisa, yaliyochapishwa mwaka 1937, ambaye jahazi lililomchukua akiwa mtoto lilikamatwa na manowari upande wa Maskati. Killa mmoja anakumbuka hofu ile. Na karibu killa mmoja anaisimulia upesi, kama mtu anayesimulia ujinga wake wa utotoni mbele ya wageni: tuliogopa, kumbe walikuwa watu wema, wakatupa chakula, basi.

Nalisoma sura hiyo na darasa langu hapa Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, karibu na Ruaha Mdogo. Watoto wakacheka. Mimi nami nalicheka, maana ndivyo nilivyofundishwa na mwalimu wangu: watumwa waliwaogopa waokozi wao! Msichana mmoja tu hakucheka. Akasimama akauliza, "Mwalimu, wangejuaje?" Nalimjibu neno la kupita tu, nikaendelea na somo. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani, na makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Wangejuaje, kweli? Tuwafikirie watu wale kama tunavyowafikiria watu wenye akili zao. Wengi waliokamatwa wakiwa watoto hawakukamatwa kwa upanga. Walibembelezwa, wakapewa kitu kitamu, wakaitwa waende kuona kitu kizuri, wakajikuta wamefungwa. Njiani walikabidhiwa mkono hata mkono, na killa bwana mpya alianza kwa kuwalisha, maana mtumwa aliyekonda hana bei. Basi mtu aliyejifunza hivyo, akija mwingine na kumpa wali na nguo, atasema nini moyoni mwake? Atasema ndiyo kawaida yao. Chakula kwake si dalili ya wema. Ni dalili ya kuuzwa tena.

Tena lile neno la kula watu. Sisi hulicheka kwa sababu tunalisikia kwa masikio ya kitabu cha sayansi. Katika lugha zetu kula si kazi ya meno tu. Mchawi hula mtu, na maiti yake ikazikwa nzima. Mtu hula mali ya yatima. Aliyechukuliwa asirudi, asisikiwe habari zake, asizikwe na watu wake, huyo ameliwa. Na je, Wazungu hawakuwala watu wa pwani hii? Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 killa mwaka, na watu wa bara waliopitia Kilwa wakapelekwa katika mashamba ya visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion. Nani alirudi kutoka huko akawaeleza wenzake ya kuwa hawakuliwa? Nahodha aliyewatisha watumwa alisema uongo kwa faida yake, lakini alipanda uongo wake katika shamba lililokwisha kulimwa.

Na kufukuzwa kwenyewe kulikuwa na hatari. Manahodha wengine, walipoona hawawezi kuiepa mashua, waliliendesha jahazi ufukweni penye mawimbi ili wao waponyoke, na mateka wengi wakafa maji. Haya waliyaandika maofisa wa manowari wenyewe, kama Sulivan katika kitabu chake cha mwaka 1873. Waliookoka nao hawakurudishwa kwao. Kabla ya Freretown wengi walipelekwa Aden, Bombay, Mauritius na Shelisheli. Baada ya mwaka 1873 wengine walipelekwa mpaka Durban kufanya kazi kwa mkataba. Sisemi hali zao hazikuwa njema kuliko soko la Unguja. Zilikuwa njema mara nyingi. Nasema tu ya kuwa mateka aliyeuliza, "Tukipanda mashua ile, twenda kwetu?" alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu la kweli lilikuwa, "Hapana."

Hapa lugha yatufundisha jambo. Watu wa pwani waliwaita wale walioshushwa na manowari kwa jina la mateka. Neno hilo latoka katika kuteka, nalo ni jina la nyara na watu waliopatikana vitani. Basi katika kinywa cha Mswahili mtu alitekwa mara mbili: mara ya kwanza na mfanya biashara, mara ya pili na Mwingereza aliyemteka mikononi mwa wa kwanza. Mbotela aliandika Uhuru juu ya jalada la kitabu chake, naye alikuwa na haki yake. Lakini neno mateka linatunza mashaka ambayo kitabu kinayapita mbio.

Nalitafuta katika masimulizi mahali ambapo shauri hili halikupitwa mbio, nikapata pawili. Pa kwanza ni katika maandiko ya Livingstone. Tarehe 16 Julai 1861, katika kijiji cha Mbame, yeye na wenzake wa misheni waliwafungua watu 84 waliokuwa katika makongwa. Mmoja wao alikuwa Chuma, yule ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa walioichukua maiti ya Livingstone mpaka pwani. Mtoto mdogo aliwauliza waliomfungua: wale wengine walitufunga na kututia njaa, nanyi mwakata kamba na kutuambia tule, ninyi ni watu gani, na mmetoka wapi? Livingstone hakumjibu kitabuni. Lakini aliliandika swali, na kwa kuliandika alimpa mtoto yule heshima ambayo vitabu vingi vya kusifu wokovu havikuwapa watu wazima.

Pa pili ni karibu na kwetu zaidi. Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni ya Moravian katika nchi za Mbeya, aliyaandika maisha ya wanawake wawili, Narwimba na Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga, yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1932. Wanawake hao walipita mikono mingi. Marcia Wright, aliyeyatoa tena masimulizi hayo mwaka 1993, ameonyesha ya kuwa swali lao halikuwa la kufunguliwa tu, bali la kupata wa kuwalinda. Naona hapo ndipo penye siri. Kwa mateka wa barani njia ya kutokea haikuwa mlango, ilikuwa mtu. Kukata kamba usiku, wakati walinzi wamelala, jambo hilo liliwezekana. Lakini kesho yake ungeingia kijiji cha nani? Asiye na ukoo mahali ni mali ya atakayemwona kwanza, na watoro wengi waliuzwa tena na wale waliowapa maji ya kunywa. Shauri la usiku, basi, lilikuwa hili: twamjua nani huko mbele, naye atatuita nani? Masimulizi ya wanawake wale yaliandikwa kwa unyenyekevu, hayana manowari wala bendera, lakini katika jambo hili yana ukweli mwingi kuliko Uhuru wa Watumwa.

Neno moja juu ya watoro. Wanafunzi wetu hulijua kwa maana ya mtoto asiyehudhuria shule, nasi huwapiga nalo killa asubuhi tunapoita majina. Watoro wa kwanza walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao, na wengi walikimbilia misheni, hasa Rabai. Je, misheni ilikuwa njia ya kuaminiwa? Kwa sheria za siku zile mtumwa wa bara alikuwa bado mali ya bwana wake. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga biashara ya baharini na masoko, haukuvunja utumwa. Wenyewe walikuja kuwadai, na wamisionari walilaumiwa na serikali yao kwa kuwaficha. Jambo lilitengenezwa mwishoni mwa mwaka 1888 tu, Mackenzie wa kampuni ya I.B.E.A. alipokubali kuwalipa wenye watumwa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Waliokimbia kabla ya hapo walikimbilia nyumba ambayo mlango wake ungeweza kufunguliwa kwa upande wa pili. Sisi tuliolelewa na misheni twapenda kuisimulia Rabai kwa mwisho wake. Aliyefika pale mwaka 1880, usiku, na mtoto mgongoni, hakuujua mwisho.

Imenipasa pia kumtetea Mbotela, maana nimemlaumu vya kutosha. Aliandika akiwa mtoto wa waliopona. Kwake mashua ile haikuwa fumbo. Bila mashua ile asingalizaliwa Freretown, wala kusoma, wala kuandika. Mwana wa aliyepona hawezi kuusimulia usiku ule kana kwamba hajui kulikucha. Kosa lake kubwa zaidi, kama ni kosa, ni jingine, ambalo watu wa pwani walilinung'unikia: uovu wote amewatwika Waarabu, na wema wote Waingereza. Nasi wa bara tukisoma hivyo twafurahi, maana hatumo. Lakini Wayao walikamata, Wabemba walikamata, Wangoni walikamata. Na Wahehe, ambao mimi ni mtu wao, walirudi kutoka vitani na ng'ombe na wanawake wa watu. Bibi yangu alikuwa akiimba wimbo wa kutwanga ambao maneno yake hakuna aliyeyaelewa nyumbani, hata yeye mwenyewe. Alisema aliupata kwa mama yake, na mama yake hakuwa wa hapa. Hatukuuliza zaidi. Katika nyumba zetu jambo hilo haliulizwi.

Baada ya kufikiri hayo nalirudi darasani. Naliwaambia watoto: kitabu kimeacha shauri, liandikeni ninyi. Mko ndani ya jahazi, mashua yaja, mna muda wa kupika ugali mmoja. Semeni.

Wengi waliandika kama nilivyotazamia; mtu mmoja shujaa anasimama, anawatia wenzake moyo, wanashangilia. Lakini zilikuwapo insha tatu au nne ambazo sikuzitazamia. Kijana mmoja aliona jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona: hawa watu watasemezana kwa lugha gani? Myao, Mnyasa, Mbisa, Mmakua. Kiswahili walikijua kile cha amri tu, simama, keti, kula, nyamaza. Akaandika shauri zima kwa maneno ya amri, na linasomeka kwa uchungu. Mwingine akaweka mzee anayesema tusipande, na hoja yake si kwamba Wazungu hula watu, bali kwamba nahodha huyu amekwisha kutununua, atatulisha mpaka sokoni. Wale hatujui wametununua kwa bei gani. Yule msichana aliyeniuliza hakuandika shauri. Aliandika mwanamke anayemwuliza jirani yake jina, na jina la mama yake, na jina la mto wa kwao, ili yeyote kati yao atakayepona awe na la kusema akiulizwa. Kisha mashua inafika, na insha inakwisha hapo.

Nalimpa alama ya juu, ingawa alivunja amri ya somo. Mwalimu mwenzangu alinilaumu, akasema insha haina mwisho. Huenda ana haki. Insha zile ninazo bado, na mwalimu anayetaka kulijaribu somo hili kwa watoto wake namshauri asiwasomee kwanza sura inayofuata ya kitabu, maana wakiisha kujua manowari ilikuwa ya nani, hawaandiki tena kitu.