Kuchelewa, Kukawia na Saa ya Kiingereza: Misemo ya Wakati katika Kisii na Nyamira

1. Swala

Imekuwa desturi, katika vikao vya walimu na hata katika maandishi ya wataalamu, kudai kwamba Mwafrika hajali wakati, na kwamba lugha zake ndizo ushahidi. Mwaka 1969 John Mbiti, katika kitabu chake African Religions and Philosophy, alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu akasema kwamba havina njeo ya kutajia wakati ujao wa mbali. Akachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, yawe majina ya vipimo vya wakati wa Kiafrika. Haki yake apewe: Mbiti hakumlaumu Mwafrika kwa uzembe. Alisema kwamba mtu aonekanaye ameketi tu hapotezi wakati, bali anaungoja au anauumba. Lakini hoja ikishatoka kitabuni hubadilika. Ilipofika shuleni na ofisini iligeuka kuwa kauli nyepesi kwamba anayechelewa amechelewa kwa sababu lugha yake haina kesho.

Hoja hiyo imekwisha kujibiwa na wanafalsafa. Mmojawapo ni Kwame Gyekye, ambaye mwaka 1987 aliipima kwa Kiakan na kuiona haisimami. Kipimo kilicho karibu zaidi, hata hivyo, ni misemo ya kuchelewa yenyewe. Hakuna awezaye kuchelewa pasipo wakati uliotarajiwa. Kwa hiyo lugha yenye njia nyingi za kutaja ucheleweshaji ni lugha inayoutazama wakati ujao na kuungojea. Kaunti za Kisii na Nyamira zafaa kwa upimaji huo, maana mkazi wake hutumia Ekegusii nyumbani, Kiswahili sokoni na katika matatu, na Kiingereza darasani na katika barua za serikali.

2. Mtu mbele ya saa, mtu mbele ya alfajiri

Misemo ya Kiingereza ya kuchelewa huisimamisha saa na kumpima mtu kwayo. Neno "late" ni kivumishi: humwelezea mtu kama vile "tall" linavyomwelezea. Asemaye "I am late" hasemi lililompata, asema alivyo. Neno hilo hilo hutumika kumtaja mfu, ambaye Kiswahili humwita marehemu, yaani aliyerehemiwa, bila kukihusisha kifo na kuchelewa.

Kiswahili hakina kivumishi cha namna hiyo. Kina kitenzi, na kitenzi chenyewe kina historia. Kuchelewa kumenyambuliwa kutoka kucha, kwa maana ya kupambazuka: kucha, kuchelea, kuchelewa. Aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni yule ambaye kumekucha naye hajafanya alilokusudia. Kauli ya kutendwa iliyomo katika neno hili si pambo. Yaonyesha kwamba wakati ndio uliomjia mtu.

Msemaji wa Ekegusii hawi mgeni katika fikra hii. Salamu yake ya asubuhi, "bwakire", hutangaza kwamba kumekucha, na mzizi wake una nasaba moja na huo wa kucha. Salamu ya jioni, "bwairire", hutangaza kwamba giza limeingia. Watu wanaosalimiana kwa kuthibitishiana kwamba siku imeanza au imekwisha hawawezi kuitwa watu wasioutazama wakati.

3. "You have delayed"

Kosa moja husikika sana katika Kiingereza cha eneo hili, na cha Kenya kwa jumla. Mgeni akifika baada ya kungojewa huambiwa, "You have delayed." Mwalimu hulipiga mstari mwekundu, kwa kuwa Kiingereza sanifu humtaka asiyefika kwa wakati awe amecheleweshwa na jambo fulani. Mstari huo ni wa haki kwa upande wa sarufi ya Kiingereza, lakini haumwambii mwanafunzi kosa lilikotoka.

Kiswahili hutenga kuchelewa na kukawia. Kukawia ni kuchukua muda mrefu. Kuchelewa ni kupitwa na wakati uliowekwa. Mtu aweza kukawia na bado asichelewe, na ndiyo maana ya methali "Kawia ufike". "You have delayed" ni tafsiri ya "umekawia": kauli ya mwenyeji aliyekuwa akingoja, si ya mwenye saa anayeshtaki. Mwanafunzi hakukosa fikra. Alitafuta katika Kiingereza kitenzi kitakachobeba tofauti anayoijua, akalishika neno lililokuwa karibu. Angeonyeshwa kwamba Kiingereza husema "You have taken a long time" mahali hapo, angesahihika bila kudharauliwa.

4. Kiambishi cha kungojea

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika kiambishi -ja-. Mkulima wa chai aliyechuma majani yake asubuhi huuliza kituoni kama gari la kiwanda limefika. Akijibiwa "halijafika", ataketi. Akijibiwa "halikufika", ameelewa kwamba hasara imeingia, maana jani lililochumwa haliwekwi siku nyingi. Silabi moja imetenga tumaini na hasara. Kiambishi -ja- hukanusha tendo na papo hapo hulitarajia. Ni umbo la sarufi lililowekewa jambo lililokawia.

Kiingereza huhitaji kuongeza neno "yet" ili kulidhihirisha tarajio hilo. Mwanafunzi anayeandika "The lorry has not come" na kuliacha neno hilo amepoteza sehemu ya maana aliyokuwa nayo kikamilifu katika Kiswahili. Hapa upungufu ni wa tafsiri, wala si wa akili wala wa utamaduni. Na ni vigumu kuona jinsi lugha iliyoutia ungojeaji katika kitenzi chake ingeweza kuhesabiwa miongoni mwa lugha zisizo na wakati ujao.

5. Saa kumi na moja

Waingereza husema jambo limefanyika "at the eleventh hour", yaani likiwa limebakiwa na muda mfupi mno. Msemo huu hunasibishwa na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, ambamo saa zahesabiwa tangu mapambazuko. Kwa mtoto wa London, saa ya kumi na moja haina jua linalotua ndani yake. Kwa mtoto wa Keroka au Nyamira ni saa kumi na moja ya jioni, kazi ikikaribia kukoma. Msemo wa Kiingereza waeleweka kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza chenyewe.

Hesabu hiyo hiyo, isipofundishwa vema, huzaa madhara. Mzazi akiitwa shuleni kwa barua ya Kiingereza, "at 8", na mtoto akamsomea "saa nane", atafika mchana badala ya asubuhi. Amechelewa saa sita, na huenda akahesabiwa mzembe, ilhali amefika kwa wakati aliotajiwa.

6. Hitimisho

Si nia ya uhakiki huu kuutetea uchelewaji. Lugha zenyewe haziutetei: "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako" ni onyo kali. Linalopingwa ni kuigeuza tofauti ya sarufi kuwa hukumu juu ya tabia ya watu. Mwalimu wa Kiingereza katika Kisii na Nyamira ana darasa ambalo tayari latenga kukawia na kuchelewa, "halijafika" na "halikufika", na linalohesabu saa tangu alfajiri. Akianzia hapo, misemo ya Kiingereza itaeleweka upesi. Akianza na dhana kwamba wanafunzi wake hawaujui wakati, atasahihisha daftari nyingi, na kosa litabaki pale pale.